Meli ikipanda mwamba: Nani huhesabu matumbawe yaliyovunjika, na je, yanaweza kuungwa tena?

Saa 8 na dakika 25 usiku, Januari 17, 2013, manowari ya Marekani USS Guardian ilipanda mwamba wa matumbawe wa Tubbataha, katikati ya Bahari ya Sulu nchini Ufilipino. Ilikuwa meli ya kutegua mabomu ya baharini, yenye urefu wa mita 68. Mabaharia wote 79 walitoka salama. Mafuta yaliyokuwa ndani yalinyonywa kabla hayajamwagika.

Ukisikia hivyo unaweza kusema mkasa umeishia hapo. Haukuishia.

Meli ilikaa juu ya mwamba zaidi ya miezi 2. Mawimbi yaliisukuma na kuizungusha, na kila ilipogeuka ilisaga eneo jipya. Mwishowe ikabidi ikatwe vipande vipande na kubebwa na kreni. Kipande cha mwisho kiliondoka mwishoni mwa Machi. Ndipo wapiga mbizi waliposhuka kupima, na walirudi na jibu moja: mita za mraba 2,345.67.

Angalia hizo desimali. Kwa nini mtu ahangaike na kipande cha mwamba kisichofika hata mita moja? Kwa sababu pale Tubbataha kila mita ina bei. Sheria ya hifadhi hiyo inamtoza aliyeharibu peso 12,000 kwa kila mita ya mraba kama faini, na peso nyingine 12,000 kwa ajili ya kuurudisha mwamba katika hali yake. Marekani ilidaiwa zaidi ya peso milioni 58. Januari 2015 ilikamilisha malipo ya jumla ya peso milioni 87, karibu dola milioni 2 za wakati huo.

Chanzo? Ramani. Ramani ya kidijitali iliyokuwa kwenye meli ilionyesha mwamba huo ukiwa maili 8 hivi za baharini mbali na ulipo. Lakini uchunguzi wa jeshi la majini lenyewe haukuishia kwenye ramani. Uliwalaumu maofisa kwa kutolinganisha ramani hiyo na vyanzo vingine, na kamanda wa meli na wenzake 3 wakaondolewa kwenye nafasi zao.

Hii inatuhusu vipi?

Kama unaishi Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja, meli kubwa hupita mbele ya macho yako kila siku, na kati yako na meli hizo kuna mwamba. Ndio unaovunja mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Ndiko waliko changu, tasi na pweza.

Na bahari yetu hii hii ya Hindi imeshapata somo lake. Julai 25, 2020, meli ya mizigo MV Wakashio yenye urefu wa karibu mita 300 ilipanda mwamba wa Pointe d'Esny, Mauritius, ikiwa na takriban tani 4,000 za mafuta yake yenyewe. Siku 12 baadaye mafuta yakaanza kuvuja, yakafika karibu tani 1,000. Wananchi walishona magunia, wakayajaza majani ya miwa na kuyaelea baharini ili kuyazuia. Agosti 15 meli ikakatika vipande viwili. Omo ilivutwa na kuzamishwa bahari kuu. Tezi ilibaki juu ya mwamba, na kazi ya kuikatakata haikumalizika hadi mwanzoni mwa 2022.

Dunia nzima iliona mafuta meusi. Kilichokuwa chini ya mkuku hakikuonekana kwenye picha nyingi.

Jeraha halitokani na kugonga tu

Tumbawe si jiwe, ingawa kwa macho linafanana na jiwe. Ni kundi la wanyama wadogo sana wanaojijengea nyumba ya chokaa. Wale wa aina ya mabonge makubwa hukua kama sentimita 1 kwa mwaka. Kwa hiyo bonge linalokufika kiunoni huenda lilianza kuota kabla babu yako hajazaliwa. Wale wenye matawi wana mbio zaidi, baadhi hufikisha sentimita 10 kwa mwaka, lakini nao ndio wepesi kuvunjika.

Meli ikigonga, mkuku hukwangua njia nzima iliyopita. Matumbawe hung'oka, hupasuka au husagwa kuwa unga. Hilo ni pigo la kwanza. La pili huletwa na watu wanaotaka kusaidia. Nahodha aliyechanganyikiwa huamuru injini zirudi nyuma kwa nguvu zote. Rafadha inachimba shimo na kurusha mawe na mchanga huku na huko kama bunduki. Kisha tagi zinafika, kamba nene za chuma zinafungwa, na kila kamba ikilegea na kukazwa inafyeka matumbawe yaliyokuwa hayajaguswa.

Ndiyo maana wataalamu wa uokoaji husema: tulia kwanza. Punguza uzito, hamishia mafuta na shehena kwenye tishari, subiri bamvua maji yajae hadi mwisho, halafu itoe meli kwa njia ile ile iliyoingilia. Njia hiyo imeshaharibika, hakuna haja ya kufungua nyingine. Kwenye karatasi ni rahisi. Baharini, upepo wa kusi ukivuma na mafuta yakiwa yanatishia kumwagika, mara nyingi meli huvutwa kwa njia yoyote inayowezekana.

Pigo la tatu huja polepole, nalo ndilo watu wengi hawalijui: kifusi. Vipande vilivyovunjika havitulii. Kila mawimbi makubwa yakija huviringika na kuwagonga matumbawe wazima wa jirani. Mabuu ya matumbawe yakitua juu ya kifusi kinachotembea hayaishi, ni sawa na kupanda mbegu juu ya mawe yanayobingirika. Mwamba uliovunjwa kwa siku moja unaweza kuendelea kujivunja wenyewe kwa miaka.

Upimaji: mfupa wa samaki chini ya maji

Sasa tuseme meli imeondoka. Kazi ya kupima ianze lini? Mapema iwezekanavyo, na sababu yake si ya kisayansi tu. Tumbawe lililovunjika leo huonyesha kidonda cheupe kabisa. Baada ya wiki chache kidonda kinaota mwani na kugeuka rangi, na hapo huwezi tena kusema kwa uhakika kama kilivunjwa na meli, na dhoruba au na nanga ya mvuvi. Wakili wa mwenye meli anajua hilo vizuri kuliko wewe.

Mbinu moja inayotumika sana watu wa pwani wataielewa haraka. Wapiga mbizi wananyoosha utepe katikati ya jeraha, kutoka mwanzo hadi mwisho. Huo ndio uti wa mgongo. Kisha kila baada ya mita moja au mbili wanapima kwenda kulia na kushoto mpaka pale uharibifu unapokoma. Ukichora kwenye karatasi unapata mfupa wa samaki, na ukiunganisha ncha za miiba una umbo la jeraha lote. Siku hizi wengi huongeza maelfu ya picha zinazounganishwa na kompyuta kuwa picha moja kubwa ambayo unaweza kupima juu yake hata ukiwa ofisini.

Lakini ukubwa peke yake hautoshi. Mita 100 za mchanga na mita 100 za matumbawe ya miaka 200 si kitu kimoja. Kwa hiyo wanaweka fremu za mraba ndani ya jeraha na kuhesabu: aina gani, ukubwa gani, ngapi zimekufa, ngapi zimepinduka lakini bado hai. Halafu wanafanya hesabu ile ile kwenye mwamba wa jirani ambao haukuguswa, wenye kina na mkondo unaofanana. Huo ndio shahidi wao. Tofauti kati ya pale palipogongwa na pale pasipogongwa ndiyo hasara.

Hapo ndipo utata unapoanza. Kama mwamba wa jirani nao ulishapauka kwa joto la bahari, au ulishapigwa baruti na wavuvi haramu, mwenye meli atasema: hata mimi nisingepita, hapa palikuwa pameshakufa. Bila picha na takwimu za kabla ya ajali, kumjibu ni kazi.

Na makadirio ya haraka hudanganya. Meli ya Guardian ilipokuwa bado juu ya mwamba, uharibifu ulikadiriwa kufika mita za mraba 4,000. Baada ya kupima kwa utulivu ikawa hizo 2,345.67. Makadirio yalikuwa yamezidi kwa zaidi ya mita 1,600, na ukizidisha kwa peso 24,000 kila mita unaona kwa nini hakuna anayekubali kulipa kwa kukisia.

Sumu iliyobaki kwenye kwaruzo

Kuna jambo moja jicho haliwezi kupima. Aprili 3, 2010, meli ya makaa ya mawe Shen Neng 1 ilipanda Douglas Shoal kwenye Great Barrier Reef, Australia. Uchunguzi ulionyesha kuwa ofisa aliyekuwa zamu alikuwa amelala saa 2 na nusu tu katika saa 38 na nusu zilizotangulia. Mafuta kidogo sana ndiyo yaliyovuja.

Lakini meli ile ya zaidi ya mita 220 ilikaa pale siku kadhaa ikisogezwa na mawimbi, na rangi ya tumboni mwake ikabaki juu ya mwamba. Rangi hiyo si ya urembo. Hupakwa ili viumbe wa baharini wasiote kwenye meli, yaani kazi yake ni kuua au kufukuza viumbe kama mabuu ya matumbawe. Palipatikana shaba, zinki na ile sumu yenye bati iliyopigwa marufuku kimataifa tangu 2008. Kwa hiyo unaweza kupanda matumbawe mapya kadri utakavyo, yatakuwa yamepandwa kwenye shamba lenye dawa.

Eneo lililoathirika lilikuwa karibu kilomita za mraba 0.4, na kesi ilichukua miaka 6. Mwaka 2016 wenye meli walikubali kulipa dola milioni 39.3 za Australia, sehemu kubwa kwa ajili ya kusafisha.

Je, mwamba unaungwa?

Ndiyo, kwa kiasi. Na kazi yenyewe inafanana na wodi ya majeruhi kuliko bustani.

Wa kwanza kushughulikiwa ni waliopinduka. Bonge la tumbawe likilala kifudifudi halipati mwanga, nalo hutegemea mwani mdogo unaoishi ndani ya mwili wake kwa sehemu kubwa ya chakula. Likiachwa hivyo, linakufa. Wapiga mbizi huyageuza kwa mikono, na makubwa huinuliwa kwa mifuko inayojazwa hewa. Vipande vilivyo hai hukusanywa na kufichwa mahali pasipo na mawimbi, vikisubiri zamu yao.

Kisha kifusi kinaondolewa. Kwenye eneo dogo hubebwa kwa vikapu, kipande kwa kipande. Kwenye eneo kubwa hufyonzwa kwa pampu au kuchotwa na mashine kutoka kwenye tishari. Kazi hii haina mvuto wowote kwenye picha, na ndiyo maana wafadhili hupenda kuruka moja kwa moja kwenye kupanda. Kwa maoni yangu, ukiwa na fedha ya jambo moja tu, ondoa kifusi.

Nyufa na mashimo kwenye mwamba wenyewe huzibwa kwa saruji na mawe ya chokaa. Mwishowe vipande hai hubandikwa: kwa saruji inayokauka haraka, gundi maalum, misumari au waya.

Kuchelewa nako kuna gharama. Agosti 4, 1984, meli ya mizigo Wellwood, iliyobeba chakula cha kuku (ndiyo, cha kuku), ilipanda Molasses Reef huko Florida na kukaa siku 12. Ukarabati mkubwa wa mwamba haukufanyika hadi 2002. Katika miaka hiyo 18 vimbunga vilipita na kuendelea kubomoa kilichokuwa kimelegezwa, na wataalamu wakaishia kujenga vizuizi 14 vya zege na mawe kushikilia mahali palipokuwa na mwamba.

Vipande 1,857

Kisa kinachofundisha zaidi, kwa mtazamo wangu, kilitokea kwenye kisiwa cha Mona, Puerto Rico. Julai 24, 1997, meli ya majokofu Fortuna Reefer, yenye urefu wa karibu mita 100, ilipanda mwamba uliojaa matumbawe yenye matawi mapana kama pembe za mnyama. Safari hii hakuna aliyesubiri mahakama. Makubaliano yalifikiwa haraka, na ndani ya miezi michache wapiga mbizi walikuwa wameshafunga vipande 1,857 kwa waya wa chuma kisichoshika kutu. Kwa wakati wake ilikuwa kazi ya mfano.

Baada ya miaka 2, kidogo zaidi ya nusu ya vipande vilikuwa hai. Baada ya miaka 10, vilivyobaki hai vilikuwa takriban 6 kati ya kila 100.

Nini kilitokea? Waya zilikatika kwa kusuguana na mawimbi, vipande vikang'oka. Vingine vilipatwa na magonjwa, vingine vikaliwa na konokono wa baharini au kufunikwa na sifongo. Si kwamba kazi ilikuwa bure: matumbawe machache yaliyosalimika yalikua makubwa, na wataalamu walijifunza kwamba waya hautoshi na kwamba lazima mtu arudi kukagua na kukaza. Lakini ukisikia mtu anatangaza kuwa "amerudisha mwamba" mwaka mmoja baada ya kupanda, muulize atarudi lini kuhesabu.

Hesabu ya miaka

Ndiyo sababu Wamarekani hawalipishi mita pekee, wanalipisha na muda. Tuseme, kwa mfano wa kujitungia, meli imeua mwamba wa mita za mraba 100, na utachukua miaka 50 kurudi, ukipona kidogo kidogo kila mwaka. Mwaka wa kwanza umepoteza mita 100 zote, mwaka wa 25 umepoteza 50, mwaka wa 50 hupotezi kitu. Ukijumlisha unapata kama mita 2,500 za mwaka mmoja mmoja. Hilo ndilo deni.

Kwa hiyo hata mwenye meli akikarabati pale pale alipogonga, bado anadaiwa ile miaka ya katikati ambayo samaki hawakuwa na makazi. Hulipa kwa kufufua mwamba mwingine mahali pengine. Wanaweka pia punguzo, kwa kawaida asilimia 3 kwa mwaka, kwa hoja kwamba faida ya leo ina uzito kuliko ya kesho. Mvuvi ambaye ameshinda njaa wiki hii hahitaji kufundishwa hoja hiyo.

Hapa kwetu nadharia ipo, na mikono ipo. Wasini, Kaunti ya Kwale, wanakijiji wamekuwa wakiotesha matumbawe na kuyapanda kwenye mwamba wao kwa miaka kadhaa. Kupanda wanakujua. Kinachokosekana mahali pengi ni ushahidi wa jinsi mwamba ulivyokuwa kabla.

Na hapo simu yako ina kazi. Kama uko kwenye BMU, au unapeleka wageni kuzamia, chagua sehemu chache za mwamba wenu na uzipige picha kila mwaka, pembe ile ile, ukiwa na kitu cha kuonyesha ukubwa, hata kama ni rula ya shule iliyofungwa kwenye kijiti. Acha tarehe na mahali viandikwe na simu yenyewe. Hifadhi nakala nje ya simu.

Meli ikipanda, usiikaribie: kuna mafuta, kamba zilizokazwa na rafadha zinazoweza kuanza kuzunguka. Piga picha ukiwa mbali, ionyeshe meli imeelekea wapi na maji yalikuwa yakijaa au yakitoka, andika saa, kisha mpigie mkuu wa BMU au mamlaka ya bandari. Kipande chenye rangi ya meli kikiletwa ufukweni na maji, usikitupe. Kifunge kwenye mfuko safi, andika ulipokiokota na siku, na ukikabidhi kwa maofisa wa mazingira. Kwenye Douglas Shoal, rangi ilikuwa sehemu kubwa ya kesi.

Tubbataha wenyewe hawakupata hata muda wa kupumua. Aprili 8, 2013, wiki moja na ushei baada ya kipande cha mwisho cha Guardian kuondolewa, meli ya uvuvi kutoka China ilipanda mwamba huo huo. Ndani yake zilikutwa mamia ya maboksi ya nyama ya kakakuona. Wapiga mbizi wakachukua tepe zao wakashuka tena, na safari hii walipandisha na mita za mraba 3,902.